Umri Hauazimwi: Juu ya Pikipiki Mpya Yenye Sura ya Kale

Iko aina ya pikipiki ambayo huundwa leo kwa mitambo ya leo, na mtu akiiona kwa mbali hudhani imetoka katika miaka ya 1950. Tangi lake la mafuta lina umbo la tone la maji. Magurudumu yake yana spoku za waya, na taa ya mbele ni duara kubwa lililozungushiwa kromu. Usukani wake ni mpana, nao umerudi nyuma kumfuata mpandaji. Kiti kiko chini hata mtu mfupi akaweza kuikanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili. Wenyewe huiita kruza. Haikukusudiwa mashindano wala kubebea mizigo. Ni pikipiki ya mwendo wa taratibu katika njia ndefu, na aghalabu mnunuzi wake ni mtu aliyekwisha kujimudu, ambaye lau angetaka kufika tu, angefika kwa chombo kingine.

Nia yangu katika makala haya si kuisifu wala kuikejeli. Nataka kuliuliza swali ambalo wenye pikipiki hizi huulizwa na watu, na wengine hujiuliza wenyewe: kitu kipya kilichoundwa kwa makusudi kifanane na cha kale, je, kina ukweli ndani yake? Na mtu anayekimiliki, amemiliki nini khasa? Swali hili si geni kwetu sisi wa visiwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tumeona milango mipya ikichongwa na kunakshiwa kwa mtindo wa zamani ili itiwe katika nyumba za wageni. Mgeni huipiga picha kama mlango wa kale. Fundi aliyeichonga anajua mbao zake zilifika lini. Pikipiki ya sura ya kale ni mlango wa namna hiyo, ila huu una injini na huenda mbio.

Kwanza tuijue yenyewe, maana mtu hawezi kukihukumu asichokijua.

Kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilitoa mwaka 1984 pikipiki iliyoitwa Softail. Kabla ya 1958, pikipiki zake kubwa hazikuwa na springi upande wa nyuma. Gurudumu lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na kila shimo la njiani lilipokelewa na mgongo wa mpandaji. Mwaka 1958 springi zikatiwa, na sura ya pikipiki ikabadilika. Waliounda Softail walitaka raha ya springi pamoja na sura ya siku zisizokuwa na springi. Basi wakazificha chini, mahala ambapo jicho halifiki. Anayeitazama huona pembetatu tupu ya chuma kama zamani, na anayeipanda hukaa kwa raha.

Kampuni ya Honda ya Japani ilikwenda mbali zaidi. Injini yenye silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V hutikisika kwa tabia yake, na Honda ilikwisha pata dawa: katika pikipiki zake za mwanzo za jina la Shadow, kila pistoni ilipewa kishikio chake katika mhimili unaozunguka, na vishikio hivyo vikapangwa ili mtikisiko wa pistoni moja uuzime wa pili. Mwaka 1995 ikatoka Shadow 1100 iliyopewa jina la American Classic Edition, na humo pistoni zote mbili zikarudishwa katika kishikio kimoja, kama zilivyo za Harley-Davidson, ili injini itoe ule mdundo wa kukatika-katika unaopendwa na watu. Wahandisi waliokwisha kuushinda mtikisiko wakaukaribisha tena nyumbani. Mwaka mmoja kabla yake, Harley-Davidson ilikuwa imeomba nchini Marekani mdundo huo usajiliwe kama alama yake ya biashara. Washindani wakapinga, shauri likavutana, na mwaka 2000 kampuni ikaliondoa ombi lake.

Wa tatu ni Triumph wa Uingereza. Bonneville yake ya kwanza ilitoka mwaka 1959, ikiwa na injini ya cc 649 na jina la uwanda wa chumvi wa Utah, ambako chombo chenye injini ya Triumph kilikuwa kimekimbizwa kwa kasi ya ajabu mwaka 1956. Jina hilo lilirudi sokoni likiwa juu ya mashine mpya kwa mwaka 2001, na muda mfupi baadaye ikafuata Bonneville America, kruza kamili, ambayo mhimili wake ulipangwa ili pistoni mbili zilizosimama sambamba zitoe mdundo unaokaribia ule wa injini ya V. Ilipofika 2008, sheria za Ulaya juu ya moshi zilikwisha kuwa kali, na Bonneville ikatiwa mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta. Lakini kifaa chenyewe kilivishwa umbo la kabureta. Ukikitazama kwa nje utasema ni kabureta ya zamani. Ndani mna vali ya hewa, sindano ya mafuta na waya unaokwenda kwenye kompyuta.

Hapo ndipo tuhuma ya uongo inapoanzia, nayo inastahili kupimwa kwa mizani ya haki. Uongo unataka mambo matatu: awepo anayesema, awepo anayesikia, na msemaji akusudie kumwaminisha msikiaji jambo ambalo yeye mwenyewe analijua kuwa si kweli. Mwenye kiwanda hakumficha mnunuzi kitu. Mwaka wa kuundwa umeandikwa katika hati, na habari za kompyuta zimo katika kitabu cha maelekezo. Mnunuzi naye ameijua siri kabla ya kutoa fedha yake. Na pengine ndiyo iliyomvutia, kwani alitaka sura ya kale isiyomwachia mafuta sakafuni. Mchezaji wa tamthilia akivaa taji jukwaani hatumwiti mwongo, kwa sababu sote tumeingia ukumbini tukijua. Ama mwenye pikipiki akimwambia jirani kwamba ameirithi kwa babu yake, hapo uongo umekuwa wa ulimi, na chuma hakina lawama.

Kwa hiyo tuhuma ya kwanza haisimami. Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya asili. Mwandishi wa kale Plutarch ametuachia kisa cha merikebu ya Theseus, iliyohifadhiwa Athens kwa kubadilishwa kila ubao uliooza, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ile ile. Mabaharia wetu hawana taabu na swali hilo. Jahazi lililobadilishwa mbao moja moja, huku likisafiri na kushushwa pwani na kupigwa kalafati, kwao ni jahazi lile lile, maana halikukatika utumishi wake. Pikipiki ya namna hiyo ipo. Royal Enfield Bullet, yenye asili ya Uingereza, ilianza kuundwa Madras, India, mwaka 1955. Uingereza ikaacha kuunda Royal Enfield, India ikaendelea, na umbo la Bullet likadumu kwa kuwa hakuna aliyeliacha. Hiyo ni kale iliyoendelea. Bonneville America na Softail ni habari nyingine: hizo ni jahazi lililoundwa upya kwa kutazama picha ya lile lililopotea.

Je, kuunda kwa kutazama picha ni dhambi? Nasema hapana, na washairi ndio mashahidi wangu. Anayetunga utenzi leo hakuyaishi maisha ya waliouanza. Anachukua umbo lao, mishororo minne kwa ubeti na mizani minane kwa mshororo, analitia maneno ya siku zake, na hakuna mwenye akili anayemwita mwizi. Umbo hurithiwa, na mlango wake uko wazi kwa kila atakayekubali masharti yake. Lakini mtunzi huyo huyo akipachika msamiati uliokufa ili aonekane mkongwe, bila ya kujua maneno hayo yalisemwa na nani na kwa haja gani, msikilizaji mzoefu huhisi kasoro. Umbo amelipata kwa haki. Anachojaribu kuchukua pamoja nalo ni umri, na umri ni mali ya walioutumia.

Sasa tumefika kwenye kiini. Ndani ya miaka ambayo pikipiki hizi huiga sura yake walikuwamo watu na kazi zao. Bonneville ya kwanza iliundwa Meriden, karibu na mji wa Coventry. Mwaka 1973 wenye kampuni walitangaza kukifunga kiwanda hicho. Wafanyakazi wakakataa, wakayazingira malango, wakakikalia kiwanda, na wakakaa hivyo kwa muda mrefu, hata mwaka 1975 serikali ikawapa mkopo wakaunda ushirika wao wenyewe. Walianza kwa kulipana ujira wa sawasawa, wa ofisini na wa karakanani, na wakaendelea kuziunda Bonneville kwa mitambo iliyochakaa na soko lililokuwa likiwakimbia. Mwaka 1983 ushirika ukafilisika. Jina la Triumph likanunuliwa na John Bloor, tajiri wa biashara ya kujenga nyumba, naye akajenga kiwanda kipya Hinckley, na mengi ya Triumph za leo huundwa Thailand. Siwalaumu waliolifufua jina. Lau si wao lingekuwa limezikwa. Nasema tu kwamba mviringo wa tangi ulirudi, na ile miaka kumi ya watu wa Meriden haikurudi pamoja nao. Nembo haiwataji.

Kisa cha pili kinachoma zaidi. Sehemu kubwa ya haiba ya kruza, ule uma mrefu wa mbele, usukani wa juu, na mtu anayekwenda njia tupu bila ya bwana juu yake, ilienezwa duniani na filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969. Pikipiki za filamu hiyo zilibuniwa na Cliff Vaughs na kuundwa na Ben Hardy, Wamarekani weusi wawili. Majina yao hayakuandikwa katika filamu, na miongo mingi ilipita kabla ya watu wengi kuyasikia. Vaughs alikuwa pia mwanaharakati wa haki za raia, mtu aliyejua njia za Marekani ya Kusini zilivyokuwa kwa mtu wa rangi yake. Picha ya uhuru ikazunguka dunia, ikauzwa, ikaigwa na viwanda vya mabara matatu, na mikono iliyouchomelea uhuru huo ikabaki gizani.

Wahenga wamesema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu tunaitumia methali hii kumwonya anayestaajabia mafanikio ya mwenzake asijue jasho lililotangulia. Hapa ina maana yake ya asili kabisa: mbele yako pana chombo; ulizia waundaji.

Svetlana Boym, katika kitabu chake juu ya hamu ya mambo yaliyopita kilichotoka mwaka 2001, alizigawa hamu hizo mafungu mawili. Ipo inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka iwe kamili kama kwamba haikubomoka. Na ipo inayokaa juu ya magofu na kutafakari, ikijua kwamba wakati hauna marejeo. Kruza mpya kwa umbo lake ni ya fungu la kwanza. Imesafishwa, haina kutu, haina deni, haina mgomo wala mbaguzi. Mwenye kuimiliki ndiye awezaye kuihamishia fungu la pili, na hawezi kufanya hivyo ila kwa kujua.

Msomaji atapinga: je, kila anunuaye pikipiki sharti awe mwanahistoria? Mtu ana haki ya kupunga upepo bila ya kusomeshwa. Hoja hii ina nguvu, na jibu langu ni kutofautisha. Kijana wa bodaboda anayenunua pikipiki ya cc 125 hana deni lolote kwa historia ya chombo hicho. Ameinunua kwa ajili ya mkate. Anaidai imfikishe abiria na imrejeshe nyumbani, nayo inamdai mafuta na matunzo. Hesabu yao inafungwa jioni. Mwenye kruza ya sura ya kale amenunua kitu kingine. Angeweza kupata kwa fedha ile ile pikipiki nyepesi zaidi, yenye kasi zaidi na isiyokwaruza lami katika kona. Akaiacha, akalipia kinachomkumbusha. Aliyelipia ukumbusho amejitwika wajibu wa kukumbuka, kama ambavyo anayetundika ukutani picha ya mzee asiyemjua atakuwa na la kujibu mtoto akimuuliza, "Huyu ni nani?"

Nisije nikadhaniwa kuwa nimeidharau raha yenyewe. Raha hiyo ni ya kweli, na mwili ndio shahidi. Bonneville America ina uzito unaopita kilo 220, na mtu aliyeketi karibu na ardhi, miguu imetangulia mbele, huuhisi uzito huo ukipungua mara pikipiki inapoanza kwenda. Kwa kilomita 80 kwa saa mdundo wa injini hutulia katika kifua. Kwa kilomita 110 upepo humsukuma nyuma hata mikono ikachoka, na hapo umbo la kale humfundisha somo ambalo kitabu hakimfundishi: kwamba mwendo una kiasi chake, na anayekaa wima hawezi kushindana na hewa. Mvua ikinyesha, atalowa kama walivyolowa wa 1959. Mchanga ukiwa katika kona, hautamuuliza kama pikipiki yake ni ya kale au imeigiza. Barabarani hakuna wakati uliopita.

Hata hapo, lakini, kuna la kutafakari. Tangu 2016, sheria za Ulaya zinataka miundo mipya ya pikipiki za zaidi ya cc 125 iwe na breki za ABS, zinazolizuia gurudumu lisikwame na kuteleza. Mwenye kruza anazifurahia, na hakuna anayeomba arudishiwe breki za ngoma za babu zake. Ni busara, mwenye kuitaka kale pamoja na mauti yake ana kichaa. Lakini ni ushahidi kwamba tunachagua. Tunachukua mdundo na kuacha mgongo uliouma, tunachukua kromu na kuacha mguu uliovunjika. Maadamu tunachagua, hatuna udhuru wa kusema kwamba yaliyoachwa hayakuwapo. Na jambo hilo linawagusa na majirani. Wako wanaong'oa bomba la moshi lililotoka kiwandani na kutia jingine lililo wazi, ili ngurumo iwe ya "kweli". Ukweli wa namna hiyo unalipiwa na mgonjwa aliyelala nyuma ya dirisha, na sijui ni kale ipi iliyotoa ruhusa hiyo.

Limebaki suala la kumiliki. Robert Pirsig, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya safari ya pikipiki, aliwatofautisha wanaotaka kuielewa mashine yao na wanaotaka iwatumikie bila ya wao kuijua. Mashine za zamani hazikumpa mtu khiari: zilivuja, ziligoma, zikamlazimisha mwenyewe ashike spana. Mashine ya leo yenye sura hiyo hiyo haigomi kwa urahisi, na kwa hiyo inawezekana kukaa nayo miaka mitano bila ya kuifahamu. Imempa mtu sura ya uanagenzi ambao hakuupitia. Dawa yake ni ndogo na iko mkononi. Avue koti siku ya mapumziko, akaze mnyororo, apanguse spoku moja moja, ajue springi zimefichwa wapi na kwa nini. Hapo kitu huanza kuwa chake kwa namna ambayo risiti haikumpa.

Na polepole chuma nacho kitafanya kazi yake. Hewa ya chumvi itaila kromu. Ngozi ya kiti itapasuka mahala pale pale anapokaa kila siku. Tangi litapata mkwaruzo ambao mwenyewe anajua umetoka wapi. Hayo hayakuchorwa na mtu wa kiwandani wala hayakuigwa kutoka pikipiki nyingine. Ni umri wake halisi, mdogo bado, na hakuuazima kwa mtu.

Siku moja, pahala anapotia mafuta, kijana ataizunguka pikipiki hiyo akiishangaa, kisha atamwuliza, "Mzee, hii ya mwaka gani?" Jibu liko la namna mbili. Anaweza kutabasamu na kumwachia kijana adhani anavyotaka. Au anaweza kumwambia: hii ni ya 2002, bwana; sura yake ni ya 1959, na waliokuwa wakiziunda za mwanzo walikifungia kiwanda chao malango wasinyang'anywe kazi. Jibu la pili litamchelewesha dakika tano. Nadhani dakika hizo ni sehemu ya bei ya pikipiki, na haki hutaka zilipwe.